Barua ya wazi: Wakubwa, Saiwa inaanzia shambani kwangu

Kwenu wakubwa wetu, nyinyi wa wanyamapori, nyinyi wa kaunti, wa maji, wa kilimo, wa misitu, na mheshimiwa yeyote ambaye hii barua itamfikia kwa simu akiwa ameketi kwa mitingi,

Hamjambo. Mimi ni mkulima tu wa hapa Trans Nzoia, mahindi na ng'ombe wachache, si msomi wa wanyama na sina cheo hata cha kanisani. Shamba langu linashuka mpaka kwa kijito, na hicho kijito kikiendelea na safari yake kinaingia Mto Saiwa, na huo mto ndio unaingia kwa ile hifadhi ya Saiwa. Nimeamua kuandika hapa wazi kwa sababu ile njia ya ofisini niliijaribu, nikaenda ofisi moja (siitaji, haina haja) nikaambiwa hayo maneno ya mto ni ya ofisi ingine, nikaenda hiyo ingine nikaambiwa ng'ambo ya fensi ndio kwao lakini maji si yao, nikarudi nyumbani nauli imeisha na swali langu bado niko nalo mfukoni. Sasa naona niwaandikie nyote kwa pamoja, mkisukumana msukumane mbele ya watu.

Nianze na yale mnayoyajua tayari, maana kuna wengine watasoma hii na hawajui hata kama Saiwa iko. Ni kilomita mraba tatu hivi. Yaani kama ekari 740, kuna watu hapa kwetu zamani za masetla walikuwa na shamba kubwa kuliko hiyo. Ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, na ukichukua Tsavo zote mbili, Mashariki na Magharibi, unaweza kuweka Saiwa ndani mara elfu saba na bado ubaki na kona ya kulisha mbuzi. Ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1974 na sababu kubwa ilikuwa mnyama mmoja, sitatunga, swala wa kinamasini, au nzohe kama kitabuni kinavyosema, ingawa hapa sijawahi skia mtu akisema nzohe, ni sitatunga tu. Kufika ni rahisi, unatoka Kitale unashika barabara ya Kapenguria, unakunja kulia ukifika njia ya Kipsaina, bodaboda wanajua. Na ukishaingia hakuna kuendesha gari, ni miguu yako, njia za kutembea na madaraja ya mbao na minara ya kupanda ukaangalia kutoka juu. Hakuna simba. Hakuna ndovu. Ndio maana watalii wengi wanapita kwa kasi wakienda Turkana na hawageuzi hata shingo.

Lakini mimi nataka mniruhusu niongee kuhusu hizo ekari 740 kidogo, kwa sababu nafikiri huko juu zinaonekana kwa ramani kama kidoa kimoja cha kijani, na si kidoa kimoja, ni kama nyumba iko na vyumba vinne na kila chumba kiko na wenyewe.

Katikati kuna maji na matete. Hapo ndio kwa sitatunga. Huyu mnyama bana, ukimwangalia akiwa nchi kavu utamhurumia, anatembea kama mtu amevaa viatu vya mkubwa wake, kwa sababu kwato zake ni ndefu na zinachanuka. Mwingize sasa kwa tope ambayo ng'ombe wako atazama mpaka tumbo. Hizo kwato zinafunguka, uzito unagawanyika, anapita juu ya matete yaliyolala kama anapita kwa mkeka. Akisikia hatari hakimbilii msituni kama pongo, anaingia ndani ya maji na kuzama polepole mpaka inabaki pua peke yake juu. Dume ni rangi ya chokoleti na pembe zilizojisokota, jike ni mwekundu-mwekundu na mistari myeupe mbavuni, na wakati mzuri wa kuwaona ni asubuhi mapema ama jioni. Mimi nilipelekwa hapo mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi na mwalimu akatwambia tunyamaze, tukanyamaza kama dakika arobaini hivi (watoto hamsini, hebu fikiria) alafu matete yakatingika na akatoka mmoja, jike na mtoto wake nyuma. Mpaka leo nikipita karibu na matete yoyote naangalia kama yanatingika.

Sasa hapo pembeni ya maji, kabla haujafika nchi kavu, kuna mahali pa chepechepe, ndago na nyasi fupi, maji yanafika kwa kifundo cha mguu. Vyura, konokono, kereng'ende, na ndege wenye miguu mirefu wanaokula hao wote. Watu wengi hawaoni maana ya hapa mahali, wanaona ni uchafu wa mto tu, na hapa ndipo huwa panaisha kwanza, nitarudi hapo.

Alafu unapanda kidogo unapata msitu, mwembamba, umeshika kingo za kinamasi kama pindo la leso. Hapo juu kuna mbega weupe na weusi, hao kujificha hawawezi. Lakini chini yao kuna kima mmoja mimi nampenda kuliko wote, tunamwita karasinga, kwa sababu ya zile ndevu nyeupe, kwa Kizungu amepewa jina la Mfaransa mmoja, de Brazza. Ako na utepe wa rangi ya chungwa kwa paji la uso na ndevu kama za mzee wa baraza, na tabia yake pia ni ya mzee wa baraza, hana kelele, hana haraka, akikuona hakimbii na kupiga mayowe kama tumbili wengine wa barabarani, anakaa tu kimya bila kutingika mpaka wewe mwenyewe uchoke uende. Hata kuogelea anajua. Kenya hii karasinga hapatikani kila mahali, ni sehemu chache tu za huku magharibi na kidogo kule kaskazini, na anakaa kwa msitu ulio karibu na maji, ukiondoa msitu wa mtoni umemuondoa yeye. Hawezi kuhamia kwa mahindi. Yaani anaweza kuja kula mahindi yangu na amekuja, hiyo ni kesi ingine, lakini hawezi kulala huko.

Kwa huo msitu pia kuna turako wa Ross, ndege wa bluu iliyoiva mpaka inakaribia zambarau, mdomo wa njano, na akifungua mbawa unaona nyekundu imewaka. Hiyo nyekundu si ya mwanga kucheza, ni rangi kamili na ndani yake kuna shaba, madini yenyewe. Anakula matunda, tini za mikuyu na mengine ya msituni, akishakula anaruka anaenda kuangusha mbegu mahali pengine, kwa hivyo hata miti mnayoona hapo mingine ilipandwa na yeye na hakuna bajeti ilipitishwa.

Na mwisho kuna nyasi, zile za juu kavu kidogo na migunga hapa na pale, mahali pa pongo na mondo na nguchiro. Hapa pia pananiuma kwa sababu wageni wakija wanapita hapa mbio kwenda kwa mnara.

Nimewapitisha vyumba vyote makusudi, ili nimlete korongo. Nasema yule wa taji la dhahabu kichwani, anayechezacheza. Huyu anataga kinamasini, anajenga kiota kwa matete pale kwenye maji ili wezi wasimfikie. Chakula anatafuta kwa nyasi na mashambani kwetu, anapiga miguu chini dap dap dap mpaka wadudu watoke. Na usiku analala juu ya mti, maana korongo wa taji ndio korongo peke yao duniani wanaoweza kushika tawi, wako na kidole kirefu nyuma ya mguu, wale wengine wote wanalala wamesimama chini. Kwa hivyo ndege mmoja anahitaji maji, nyasi, mti, na shamba la mtu, kila siku, na ukimwondolea moja tu kati ya hizo nne umemwondolea zote. Tangu mwaka 2012 amewekwa kwa orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hapa Kipsaina kuna wanakijiji ambao kwa miaka mingi wamejipanga kama kikundi kulinda korongo na swampi, wanaotesha miche, wanaongea na majirani, na nawashukuru hapa hadharani kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa majirani walioongeleshwa na nikawa kichwa ngumu.

Ndio tufike kwa hiyo kichwa ngumu.

Wakubwa, nitasema ukweli. Kwa miaka mingi mimi nimelima mpaka kwa maji. Si karibu na maji, kwa maji kabisa, trekta inageuzia tairi kwa tope. Baba alilima hivyo, jirani analima hivyo, na shamba likishagawanywa kwa ndugu watano hakuna mtu ataacha mistari sita ya mahindi ati kwa ajili ya chura. Huku kwetu tunalima mapema, mwezi wa kwanza wa pili shamba liko uchi, linangoja mvua ya mwezi wa tatu na wa nne. Sasa ile mvua ya kwanza haishuki kwa majani, inashuka kwa udongo mtupu uliolimwa juzi, na kijito changu siku hiyo kinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi ni shamba langu linaondoka. Na udongo hauondoki peke yake, unabeba ile fatalaiza ya kupandia, baadaye inafuata ya kukuzia, na tangu viwavi jeshi vamizi vitufikie mwaka 2017 tunapulizia dawa mara mbili mara tatu kwa msimu, na pampu tunaoshea wapi? Kijitoni. Nimefanya hivyo. Nimeosha pampu hapo, na chini kidogo ya hapo mama wa watu alikuwa anachota maji ya ng'ombe.

Kinamasi kina kazi yake na kinaijua. Maji yakifika kwa matete yanapunguza mwendo, tope inatulia chini, mizizi inakula mbolea iliyozidi, na yanatoka upande wa pili yakiwa safi kuliko yalivyoingia, ndiyo watu wanasema ni chujio na ni sifongo. Sawa. Lakini chujio la chai nalo ukiweka majani kilo nzima litafanya nini? Tope ikija kila mwaka kuliko kinamasi kinavyoweza kumeza, chini panainuka. Pale palipokuwa maji ya kiuno panakuwa ya goti, ya goti panakuwa chepechepe, na ile chepechepe niliyowaambia panakuwa nchi kavu na vichaka vinaingia. Hapo ndio huwa panaisha kwanza. Na mbolea nayo inalisha zile mimea zinazojua kula haraka, moja inakua mpaka inafunika zingine, unapata kijani mingi na aina chache, ukiangalia kutoka mbali unasema mahali hapa pamestawi. Sitatunga hana swampi ya pili ya kuhamia. Kuna wengine kule Kingwal, Nandi, na kwa mafunjo ya upande wa Ziwa Victoria, lakini kati ya hapa na huko kuna mahindi, miji, barabara, mbwa, hakuna njia ya kupitia mnyama mwenye viatu vya tope. Kwa hivyo hawa wa Saiwa wako kisiwani. Kisiwa kikipungua wanabanana, wakibanana wanazaana ndugu kwa ndugu, na mbwa wa kijiji anaweza kumaliza kwa mwaka kile ambacho chui hakuweza.

Na maji nayo yanapungua wakati wa kiangazi. Hapa nitagusa mablugamu, ile mikaratusi, na najua nitachukiwa. Kila mtu anapanda blugamu mtoni kwa sababu inakua haraka, haipaliliwi, nguzo zinauzika, karo inalipwa. Mimi nilikuwa nayo mistari miwili. Lakini ule mti unakunywa, na ukiupanda penye chemchemi haunywi kidogo, na wale wazee waliokuwa wanatuambia chemchemi ya kwa fulani ilikuwa haikauki hata Januari sasa wanatuonyesha tu shimo. Mto Saiwa haushuki kutoka mbinguni, tuko katikati ya Elgon na Cherangani, minara miwili ya maji (yaani milima inayozaa mito) kati ya ile mitano mikubwa ya nchi hii, na bado tunaulizana maji yameenda wapi.

Haya. Kwa hivyo nataka nini.

Kwanza sitaki muongeze fensi. Naskia kila mara tukiongea Saiwa mtu anasema fensi, ulinzi, askari. Fensi ni sawa kwa mbwa na kwa ng'ombe, iwekwe ikikosekana, lakini tope haijui fensi. Kitu nawaomba ni mpande juu, mfuate mto mpaka kwa vijito vyake, mpaka kwangu, mpaka kwa yule wa juu yangu, na mtupimie ule ukanda wa mtoni ambao sheria inasema usilimwe. Tunaambiwa ni mita sita mpaka thelathini kulingana na upana wa mto. Sawa, lakini hakuna mtu amewahi kuja na kamba akaweka kigingi akasema wewe ni hapa. Kila mmoja anajipimia, na ukimwambia mkulima ajipimie mwenyewe mita za kuacha atakuachia upana wa jembe.

Na mkija kupima, mje na kitu mkononi. Si pesa lazima, ingawa pesa hatukatai, lakini mtu ukimwambia aache robo ekari mpe cha kufanya na hiyo robo ekari. Kuna majani ya nepia, inashika udongo na ng'ombe anakula. Kuna kaliandra, ule mti wa kulisha ng'ombe, inaongeza maziwa. Kuna miti ya asili ambayo nyuki wanaipenda, na mzinga mmoja si mbaya. Mimi niliacha mita kama nane mwaka juzi, nikaweka nepia, nikakata mablugamu yote mistari miwili, na mke wangu hakuniongelesha wiki nzima kwa sababu ya zile blugamu, lakini sasa ndiye anaikata nepia na yeye ndiye anaambia wageni ati wazo lilikuwa lake. Poa tu. Kijito mvua ya mwezi wa nne bado kinageuka rangi kwa sababu walio juu yangu bado wanalima majini, ndio maana nawaandikia nyinyi na si wao, mimi siwezi kumwambia jirani yangu aache shamba lake, ataniuliza kama mimi ndio serikali.

Na mkipima mpime wote. Hii naomba sana. Mkianza na mama mjane mwenye nusu ekari mkaacha yule wa ekari mia mbili mwenye pampu ya kunyonya maji saa ishirini na nne, basi msije kabisa, mtakuwa mmeharibu hata kwa sisi tulioanza.

La pili ni ndani ya mbuga kwenyewe, na hapa naomba msinielewe vibaya. Tumekuwa na hii kampeni ya kupanda miti, bilioni 15 ifikapo 2032, mpaka tukapewa holidei tarehe 13 Novemba 2023 watu wakatoka na miche. Mimi nilipanda, sina ubaya nayo. Lakini Saiwa si mahali pa kuja na lori ya miche na kamera mkatafuta mahali penye nafasi. Ile nafasi ndiyo nyasi. Ile nafasi ingine ndiyo chepechepe. Mkipanda miti hapo mtakuwa mmefunga vyumba viwili kati ya vile vinne, na mtaondoka mkisema mmehifadhi. Kama ni miti, kuna kingo za mto huku nje kilomita na kilomita hazina hata kichaka, leteni hiyo lori huku, mikuyu, mizambarau ya mwitu, ile miti mizee ya msitu wa mtoni, nitachimba mashimo mwenyewe na nitaleta vijana. Na huko ndani, vichaka vikianza kumeza nyasi vikatwe, matete yakizidi sehemu moja yapunguzwe kwa zamu, kidogo hapa mwaka huu kidogo pale mwaka ujao, si kuchoma zote siku moja. Mti ukianguka uachwe uoze, kuna wadudu na uyoga na ndege wanaopata kula hapo miaka, hatuhitaji hifadhi iliyofagiwa kama uwanja wa chifu.

La tatu ni hesabu. Mwaka 2021 nchi hii ilifanya sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, ikawa jambo kubwa, hongera. Sasa kwa mahali padogo kama Saiwa sioni ugumu wa kuhesabu kila mwaka na kuandika kwa ubao pale getini, kwa Kiswahili, kwa chaki hata: sitatunga wangapi, karasinga wangapi, korongo wametaga viota vingapi, maji kwa kipimo cha daraja yalikuwa sentimita ngapi mwezi wa pili. Katiba kifungu cha 35 inasema mwananchi ako na haki ya kupata habari zilizo na serikali, lakini sitaki kuja na kifungu, nataka ubao. Kwa sababu saa hii tukikaa hapa sokoni mmoja anasema sitatunga wameisha, mwingine anasema wameongezeka aliwaona kumi, na wote wawili wanaapa. Mtoto wa shule akipita hapo kila wiki akiona ile namba inashuka atauliza babake kwa nini. Huyo mtoto mimi namuamini kuliko ripoti yenye kurasa mia.

Na mkiongelea watoto, tafadhali angalieni ile maneno ya watoto wa shule za hapa jirani kuingia. Mimi nilipelekwa na mwalimu na nikaona jike na mtoto wake. Kama singeona hiyo siku, hizi mita nane singeacha, nawaambia ukweli. Kuna watoto wanaishi mahali wanaskia mbega akilia alfajiri kutoka kitandani na hawajawahi kuvuka hilo geti. Fanyeni siku moja kwa muhula iwe ya bure kwa shule zinazopakana, na mpate watu wa hapa wawatembeze, kuna vijana wanajua kila ndege kwa sauti na wako kwa stendi ya bodaboda wakingoja abiria.

Kuna mtu ataniuliza, na wameshaniuliza, sasa pahali padogo hivyo panalipa nini, si heri pesa iende Maasai Mara ambako dola zinaingia. Mimi sijui hesabu ya dola. Najua kwamba maji yanayotoka Saiwa yanaishia Nzoia, na Mto Nzoia unashuka mpaka Budalang'i, huko chini karibu na Ziwa Victoria, na nyote mnajua Budalang'i mvua ikizidi kunakuwaje, watu wanahamia juu ya tuta na magodoro. Sisemi swampi moja ya ekari 740 itazuia mafuriko ya Budalang'i, nisije nikachekwa. Lakini kila kinamasi kidogo huku juu kinachoshika maji wiki mbili kabla ya kuyaachilia kinasaidia, na vingi vingine tumeshavimaliza tukachimba mitaro tukapanda mahindi na arrowruti. Hiki kimoja kilibaki kwa sababu mtu mwaka 1974 aliona miguu ya mnyama ikachanuka kwa tope akasema hapa tuache. Nashangaa hata alipataje hiyo sahihi.

Sitawachosha zaidi. Naomba jambo moja la mwisho na si gumu. Mje. Si na msafara, gari moja inatosha. Mje mwezi wa nne, mvua ikishaanza, mfike saa kumi na mbili asubuhi mkiwa na gambuti, maana viatu vya ofisi vitabaki hapo. Tutaanzia kwangu juu, tuchote maji kwa chupa pale kijito kinaingia shambani, tuchote tena pale kinatoka, tushuke nacho hivyo hivyo shamba kwa shamba mpaka daraja la mbao ndani ya Saiwa, mpange hizo chupa kwa mstari juu ya mbao mziangalie. Alafu tupande mnara, tunyamaze kama dakika arobaini. Chai itakuwa tayari kwangu tukirudi, mke wangu amesema mahindi ya kuchoma bado, mwezi wa nne ndio tunapanda.

Ni mimi,
mkulima wa juu ya Saiwa